Kalamu ya Prokureri Ina Mipaka



Leo hatutasema juu ya bei ya shaba, wala juu ya mushahara. Tutasema juu ya kalamu. Kalamu ya prokureri ni kitu kidogo, lakini inaweza kumuondoa baba wa watoto sita kitandani na kumulalisha juu ya simenti. Askari ana bunduki, na kila mutu anaiona. Prokureri ana karatasi, na wengi wetu tunaiogopa karatasi kuliko bunduki, kwa sababu imeandikwa Kifaransa na ina muhuri. Tunataka kuwaambia neno moja, na tutalirudilia mpaka watoto walijue kwa kichwa: kalamu ile ina mipaka. Mipaka yake imeandikwa. Anayeipita, hata akivaa koti nzuri, anavunja sheria sawasawa na mwizi anayepanda ukuta.

KITABU CHA TAA

Mimi ni karani kwenye shimo. Kazi yangu ni vitabu: nani ameingia, nani ametoka, nani amepewa taa, saa gani. Watu wa chini wanajua: hakuna anayeshuka bila taa, wala hakuna taa inayotoka bila kuandikwa.

Mwaka 2023, usiku wa siku ya posho, watu walikata waya nzito za shaba kwenye depo wakaenda nazo. Siku ya kwanza asubuhi walinzi wakamukamata mufanyakazi mumoja wa ekipe ya usiku. Mutu fulani alisema amemuona pale. Yule aliyesema alikuwa na deni kwake ambalo hakutaka kulipa, lakini tuache hilo. Wakamupeleka kwa OPJ, akalala kasho siku mbili. Siku ya tatu akapelekwa parke. Substitu akamuuliza maneno machache, akasaini karatasi, na mutu akaenda buloko.

Siku ile ile nilifungua kitabu cha taa. Usiku wa wizi yule ndugu alipokea taa saa 21.40 na kuirudisha saa 6.15. Alikuwa chini ya udongo usiku kucha, pamoja na wenzake kumi na mumoja. Nilinakili ukurasa, kapita akatia mukono, nikaupeleka parke. Kijana wa mulangoni akaniambia: «Substitu ana kazi nyingi. Rudi kesho.» Nilirudi. Mara ya pili, mara ya tatu, neno ni lile lile. Mara ya sita akaniuliza: «Wewe ni avoka wake?» Nikajibu hapana, mimi ni karani. Akasema: «Basi kaa na vitabu vyako.»

Yule ndugu alimuona hakimu kwa mara ya kwanza siku ya 43. Hakimu akaomba kitabu cha taa. Akasoma mustari mumoja. Hata robo ya saa haikuisha, akamwambia aende kwake.

Lakini kwake kulikuwa kumebadilika. Mutoto wake wa sekondari alikuwa amefukuzwa masomoni kwa deni. Muke wake alikuwa ameuza mashini ya kushona. Na kampuni ilikuwa imekata kontra yake, kwa sababu kitabu kilisema hakuonekana kazini. Kitabu gani? Kitabu changu. Kila siku ya kazi, mukono huu unaoandika maneno haya uliandika mbele ya jina lake: absenti. Nilijua alipo. Kapita alijua. Kampuni ilijua. Nikaandika absenti, maana kitabu hakikuwa na neno lingine.

Sitataja jina la kampuni wala la parke. Nikiwataja mutazani ni ugonjwa wa nyumba moja. Ni ugonjwa wa inchi.

SHERIA INASEMA NINI

Wandugu, musikubali mutu awaambie kwamba sheria ya Kongo haina neno juu ya mambo haya. Inayo, na ni wazi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika artikulo ya 17, inasema uhuru ndio desturi na kufungwa ni jambo la pekee. Inasema pia kwamba kosa ni la mutu mwenyewe: hakuna anayeweza kukamatwa juu ya tendo la mutu mwingine. Artikulo ya 18 inasema anayekamatwa aelezwe palepale sababu, na aelezwe kwa luga anayoifahamu. Aweze kupata jamaa yake au avoka wake. Na asikae mikononi mwa polisi kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Artikulo ya 19 inamupa haki ya kuwa na avoka, si siku ya hukumu tu, bali tangu uchunguzi wa polisi na uchunguzi wa parke.

Kisha kuna dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, ile inayoongoza namna ya kufuata makosa. Dekreti hii inampa prokureri na masubstitu wake nguvu nyingi, na sisi hatukatai. Anaweza kumwita mutu kwa karatasi. Anaweza kuamuru aletwe kwa nguvu. Anaweza kusikiliza mashahidi, na kuingia nyumbani kutafuta vitu. Lakini kila nguvu imefungwa kamba muguuni. Kutafuta vitu nyumbani kunafanywa toka saa 5 za asubuhi mpaka saa 21, si katikati ya usiku, isipokuwa kwa ruhusa ya hakimu au mutu akishikwa katika tendo lenyewe.

Na kufunga? Hapa ndipo musikilize vizuri. Substitu hawezi kumufunga mutu kwa sababu tu ameletewa jina lake. Inafaa kwanza amuulize maneno. Inafaa ziwepo dalili nzito za kosa, na kosa lenyewe liwe la azabu ya miezi 6 au zaidi. Kwa kosa dogo kuliko hilo anaweza kufunga tu ikiwa kuna sababu ya pekee, kama mutu kutaka kukimbia au kutojulikana ni nani. Hapo anaweza kusaini karatasi ya kufunga kwa muda, ile munayoiita MAP. Na akiisha kusaini, saa inaanza kuhesabu. Ikiwa parke na hakimu wako katika muji mumoja, anayo siku 5 kumufikisha mufungwa mbele ya hakimu. Ikiwa hakimu yuko mbali, zinaongezwa siku za safari tu, basi.

Hakimu ndiye anayesema kama mutu atabaki ndani. Akikubali, ruhusa yake ni ya siku 15. Zikiisha, inaweza kuongezwa mwezi mumoja, kisha mwezi mumoja tena, lakini kila mara hakimu aulizwe. Kwa kosa lisilopita azabu ya miezi 2, inaongezwa mara moja tu. Kwa kosa la miezi 6 na zaidi, haiongezwi zaidi ya mara tatu. Kuanzia pale, hakimu hawezi kuongeza chumbani mwake, inafaa aongeze mbele ya watu wote, katika tribunali yenye milango wazi.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo kazi ya karani. Saa 48 za polisi ni siku 2. Siku za MAP ni 5. Jumla siku 7. Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, parke na tribunali ziko katika muji mumoja, hakuna safari ya kuongeza. Siku ya saba ikiisha, mutu awe amemuona hakimu au awe kwake. Yule ndugu wa taa alikaa siku 43. Toa 7. Zinabaki 36. Siku 7 zilikuwa za sheria. Siku 36 zilikuwa za nani? Mutu akiiba siku 36 za maisha ya mwenzake, tumwite nani?

Kitabu cha makosa cha Kongo kina jina lake. Artikulo ya 67 ya sehemu yake ya pili inatoa azabu ya mwaka 1 mpaka miaka 5 kwa anayemukamata au kumuzuia mutu ovyo, kwa nguvu, kwa hila au kwa matisho. Haikusema «isipokuwa akiwa na muhuri».

WALIJIWEKEA NINI, WALITUWEKEA NINI

Musomaji atauliza: kwa nini kazi ya kushitaki na kazi ya kuchunguza ziko katika mukono mumoja? Jibu limo katika historia.

Wabelgiji, walipojitengenezea inchi yao, waliogopa sana kufungwa ovyo. Katika Katiba yao ya 1831, artikulo ya 7, waliandika kwamba, mutu asiposhikwa katika tendo lenyewe, hakamatwi bila amri ya hakimu yenye sababu, naye aonyeshwe amri ile wakati wa kukamatwa au katika saa 24. Na kwa makosa mazito waliweka mutu wa pekee, hakimu wa uchunguzi. Huyu si mushitaki. Kazi yake ni kutafuta ukweli wa pande zote mbili, unaomulaumu mutu na unaomuokoa.

Walipokuja huku, waliacha hakimu yule nyumbani. Katika Kongo, substitu alipewa kushitaki na kuchunguza pamoja. Vijijini ilikuwa vibaya zaidi: musimamizi wa teritwari alikusanya kodi, akaongoza askari, akakamata, na mara nyingi akakaa pia kama hakimu wa tribunali ya polisi. Mutu mumoja, kofia nne. Wazee wetu walimwita Bula Matari, na hawakukosea: uso mumoja kwa kila jambo.

Dekreti ya 1959 ilitolewa wakati wa mufalme Baudouin, na miezi haikufika 11 bendera ikashuka, tarehe 30 Juni 1960. Tulipata wimbo wetu, depite zetu, waziri wetu. Lakini kofia za substitu zilibaki pale pale juu ya meza, na Mukongo akazivaa. Mpaka leo, katika kesi za kawaida, Kongo haina hakimu wa uchunguzi. Anayekushitaki ndiye anayetafuta ushuhuda, ndiye anayeandika maneno yako, ndiye anayesaini karatasi ya kukufunga siku za kwanza.

Na tusiseme ni Wabelgiji peke yao. Mwezi wa Januari 1960, Patrice Lumumba alihukumiwa miezi 6 huko Stanleyville. Hukumu ile ilikuwa ya wakoloni, lakini angalau kulikuwa tribunali, na maneno yake yalisikiwa. Mwaka mumoja baadaye, Wakongo wenzake walikuwa wamemufunga. Hakuna hakimu aliyemusikiliza. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa hapa kwetu, Elisabethville, kwa ndege, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku ule ule waliuawa porini, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Mutu asiyepelekwa mbele ya hakimu anaweza kupelekwa po pote. Hilo ndilo somo, na lilifundishwa katika udongo wetu wenyewe.

PARKE SI HAKIMU

Munapenda mupira. Fikirini siku ya mechi, mushambuliaji wa upande mumoja anacheza na filimbi kinywani. Akianguka, anajipigia penalti. Mupinzani akilalamika, anamutoa inje ya kiwanja. Labda ni mutu mwema, anayesali kila siku ya Mungu. Haisaidii. Yeye anataka goli, na anayetaka goli hawezi kushika filimbi.

Katiba yenyewe imeonyesha jambo hili. Katika maandiko ya 2006, artikulo ya 149 ilihesabu parke pamoja na tribunali katika mamlaka ya hukumu. Sheria ya tarehe 20 Januari 2011 ilibadilisha artikulo ile, na parke ikatolewa katika hesabu. Zikabaki tribunali peke yake. Wakubwa walikuwa na sababu zao, na wengi waliona ni kuiweka parke karibu zaidi na waziri. Lakini tufuate neno lao mpaka mwisho. Ikiwa parke si sehemu ya mamlaka ya hukumu, basi substitu si hakimu, na kila siku anayomuweka mutu ndani bila hakimu, ni serikali inayofunga, si hukumu. Hawawezi kuwa chini ya waziri asubuhi na kuwa kama mahakimu muchana.

Watu wamekwisha kuelewa hatari hii. Mwezi wa Juni na wa Julai 2020, miji ya Kongo iliandamana juu ya mipango ya sheria iliyotaka kumuongezea waziri wa sheria nguvu juu ya parke. Mipango ile haikupita. Raia aliyetembea juani siku ile hakuwa avoka. Alijua tu kwamba kalamu ikiwa katika mufuko wa waziri, atakamatwa anayemuchukiza waziri.

MADENI NA MATEKA

Kuna mambo mawili ambayo kila kartie inayajua, na yote mawili ni uovu mutupu.

La kwanza ni deni. Mutu anakudai feza. Badala ya kukupeleka tribunali kwa kesi ya deni, anakwenda kwa OPJ au kwa parke, anaacha kitu juu ya meza, na deni linapewa jina jipya: udanganyifu, uvunjaji wa amana. Unakaa kasho mpaka jamaa yako walipe. Wandugu, Kongo iliingia mwaka 1976 katika mapatano ya mataifa juu ya haki za raia, na artikulo ya 11 inakataza kumufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza kontra. Prokureri anayefunga juu ya deni si prokureri tena. Ni mukusanyaji wa madeni mwenye funguo za buloko.

La pili ni mateka. Wanakuja kumutafuta mwanaume, hawamukuti, wanamuchukua muke wake, au ndugu yake mudogo, «mpaka mwenyewe ajilete». Rudini kwa artikulo ya 17: hakuna anayekamatwa juu ya tendo la mwingine. Bula Matari alifanya hivyo wakati wa kaucho: alifunga wanawake mpaka wanaume walete mupira wa pori. Anayefanya hivyo leo, aone yuko katika ukoo gani.

WANASEMA, TUNAJIBU

Wanasema: «Munatetea wezi.» Hapana. Waya zikikatwa, ni sisi tunaokosa taa, ni sisi tunaokaa gizani chini ya udongo. Hakuna mutu anayemuchukia mwizi wa waya kuliko mutu wa shimo. Lakini angalia ginsi mambo yalivyokwenda. Substitu alikuwa na mutu wake buloko, kwa hiyo hakuona haraka ya kutafuta mwingine. Siku zote 43 hakufungua kitabu cha taa, na siku zote 43 mwizi wa kweli alikuwa anatembea. Mipaka ya sheria haimulindi mwizi. Inamulazimisha muchunguzi achunguze.

Wanasema: «Parke haina feza, haina gari, haina hata karatasi, na mahakimu ni wachache.» Ni kweli, na tunasema wazi kwamba serikali inafanya vibaya kuwaacha watumishi wake hivyo. Lakini ukosefu wa mafuta ni kosa la nani? Mufungwa hakuiba mafuta ya gari la parke. Ikiwa dola haina njia ya kumufikisha mutu mbele ya hakimu katika siku 5, dola haina njia ya kumufunga. Kampuni isiyo na taa haina ruhusa ya kushusha watu shimoni. Ni sheria ile ile.

Wanasema: «Tukiwaachilia, watu watawachoma moto barabarani.» Hapa tunajibu kwa huzuni, maana tumeona. Lakini juu ya nini watu wanashika mawe? Wameona mwizi anaingia parke asubuhi na kutoka muchana, kwa sababu amelipa. Wameona masikini anaingia na kutotoka. Watu hawakukataa sheria, wamekataa soko. Hakimu akikaa mbele ya wote na kuhukumu kwa haraka, mawe yataanguka mikononi.

Na tazameni ginsi soko hili linavyojaza nyumba. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1 500. Lilifikia kubeba maelfu mara nyingi kupita hesabu ile, na wengi wao hawakuwa wamehukumiwa. Tarehe 2 Septemba 2024, katika fujo ya kutaka kutoroka usiku, watu 129 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Wengine walipigwa risasi, wengine walikosa pumzi katika msongamano. Kati ya waliokufa, ni wangapi waliokuwa na siku zao 36 zisizo za sheria? Hakuna kitabu cha taa kule. Mutu anashuka, na hakuna anayeandika saa ya kurudi.

TUNATAKA NINI

Kwa serikali na kwa depite tunasema hivi:

1. Kila kasho na kila buloko viwe na kitabu chenye jina, siku na saa ya kuingia, jina la aliyesaini, na siku ya kupelekwa kwa hakimu. Hakimu akikague kila juma. Siku ya MAP ikiisha bila hakimu, mulinzi amufungulie mutu mulango bila kungoja amri nyingine.

2. Kazi ya kuchunguza makosa mazito itolewe kwa mushitaki, ipewe hakimu wa uchunguzi. Wabelgiji waliyaona mema hayo kwa watoto wao. Na watoto wetu wana damu.

3. Ushuhuda unaomuokoa mutu upokelewe parke siku unapoletwa, na uandikwe. Mulango usifungwe mbele ya shahidi kwa sababu si avoka.

4. Prokureri, substitu au OPJ anayepitisha siku za sheria afuatwe kwa artikulo ya 67, hadharani. Kumuhamisha muji mwingine si azabu. Ni kumugawia muji mwingine taabu.

5. Anayemutesa mutu ili akubali kosa aone sheria ya tarehe 9 Julai 2011, inayofanya utesaji kuwa kosa lenyewe.

Kwa chama chetu pia tuna neno, hata kama litawachoma wengine. Wakubwa wa chama wanapenda sana mipaka hii leo, wakati kalamu iko mikononi mwa wengine. Tunataka waahidi mbele ya matawi yote kwamba wataipenda vilevile siku watakapoingia maofisini. Tumeona vyama vilivyolia mulangoni mwa buloko, na vilipopata funguo vikaanza kufunga. Mwenye chama asiyeweza kuahidi hivyo, asiombe sauti zetu.

Na kwa wewe, ndugu, wewe mama, tunasema hivi. Ndugu yako akikamatwa, andika siku na saa, hata kwa makaa ukutani. Uliza jina la kosa. Uliza tarehe ya MAP, kisha hesabu vidole vya mukono mumoja. Kidole cha tano kikiisha, nenda na wenzako mulangoni, kwa amani, na muulize neno moja tu: «Hakimu yuko wapi?» Musiende mumoja mumoja. Mutu mumoja wanamwambia rudi kesho; watu arobaini hawaambiwi hivyo kwa urahisi.

Ukiulizwa maneno, usitie mukono katika proseverbali ambayo hukusomewa kwa luga unayoifahamu. Kiswahili ni luga ya taifa katika Katiba. Usione haya kusema hufahamu Kifaransa cha parke. Wakikuomba feza, jua kwamba feza ya amande inakwenda katika sanduku la serikali, na feza ya zamana inawekwa kwa karani wa tribunali, na zote zina risiti. Feza isiyo na risiti haimufunguli mutu. Inafungua mufuko wa mutu.

Na kwenu, wenzangu makarani wa makampuni, tunaoshika vitabu: tuache kuandika uongo ulio sawasawa na ukweli. Mutu aliyefungwa bila hukumu hakuacha kazi. Mimi, tangu siku yule ndugu alipokuja kuchukua vitu vyake na kunisalimu bila kuniangalia usoni, siandiki tena absenti. Ninaandika: «Amefungwa, hajahukumiwa», na tarehe. Kapita alinikaripia mara mbili. Neno bado liko katika kitabu. Mukaguzi wa kazi akija atalisoma, na hakimu akiliomba atalikuta.

Hilo ni jambo dogo. Lakini wao wana kalamu, na sisi pia tunazo kalamu. Wao wanaandika siku ya kuingia. Sisi tuandike siku zilizopita. Karatasi zao zina muhuri, zetu zina hesabu, na mbele ya hakimu wa kweli hesabu haiogopi muhuri.

Bendera yetu ilipanda mwaka 1960. Inangoja bado kupanda juu ya mulango wa kasho. Uhuru wa inchi bila uhuru wa mutu ni kitambaa tu kwenye muti.

Wandugu, hesabuni siku!

Wenu, Karani wa Shimo